Uhakiki wa Gari Lililoshushwa

Kabla sijahamia Kent nilifundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka sita katika shule moja ya upili mjini Mombasa. Kama walimu wengi wa wakati ule, niliwakaririsha wanafunzi wangu kwamba kazi ya sanaa ina pande mbili, fani na maudhui, na kwamba mhakiki hana ruhusa ya kuusifu upande mmoja huku ameufumbia jicho upande wa pili. Sikudhani kwamba mafundisho hayo yangenirudia siku moja nikiwa nimelala chali chini ya gari, tochi mdomoni, nikitazama kipande cha mpira kilichopasuka. Katika kurasa zilizotangulia nimehakiki vitabu na tabia za watu. Msomaji aniwie radhi, leo nahakiki gari, na mwenye gari ni mimi mwenyewe.

Gari hilo ni Subaru Impreza ya turbo ya mwaka 1998. Kwetu halihitaji kutambulishwa. Impreza ndilo gari alilolishindia Colin McRae mbio za Safari mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, na hakuna mtoto wa Kenya wa miaka ile asiyeikumbuka ile rangi ya buluu na vumbi nyuma yake. Magari yale ya Safari yalikuwa yameinuliwa juu, maana waliyaunda wakiwaza mawe, mashimo na mito. Watoto waliowashangilia madereva wale wakakua, wakanunua Impreza zilizokwisha kutumika Japani, na jambo la kwanza walilolifanya ni kuzishusha mpaka madigadi yakakaribia kuyagusa matairi. Nami nilifanya vivyo hivyo, tena nikiwa na umri ambao ungetosha kunizuia.

Nililishusha mwaka 2014, kwa milimita 40, katika gereji ambayo sitaitaja. Fundi alinieleza kwamba gari likikaa chini kitovu chake cha uzito hushuka, na kitovu kikishuka gari halilali sana kwenye kona. Maneno hayo nusu yake ni kweli, na nusu ya kweli ina hasara kuliko uongo mtupu, kwa sababu uongo mtupu mtu huutilia shaka. Alitoa springi za kiwandani, akatia fupi zilizo ngumu kidogo tu kuliko zile, akaziacha shokapu zilezile. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Nilipolitazama gari limesimama nje ya nyumba, limejikunja kama paka anayemvizia panya, nilifurahi kiasi cha kulipiga picha nikamtumia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Mombasa, ambaye naye ana Impreza kama hiyo. Akanijibu: "Mjomba, hilo sasa ndilo gari." Baada ya wiki tatu nikaletewa picha ya gari lake. Naye kalishusha, tena kwa milimita 50, ili amshinde mjombake.

Hiyo ndiyo sababu ya uhakiki huu.

Kiangazi kile nililipeleka gari Brands Hatch, uwanja wa mbio ulioko hapa hapa Kent. Siku fulani za mwaka wenye magari yao hulipa ada wakaruhusiwa kuzunguka, bila mashindano na bila kupimana muda, maana saa hukatazwa siku hizo kwa ajili ya usalama na bima. Njia fupi ya uwanja ule haifiki kilomita mbili, na kona yake ya kwanza, iitwayo Paddock Hill, imewatia adabu madereva wakubwa kuliko mimi. Unaikabili usiione yote. Ardhi inajificha mbele yako, kisha inaporomoka ghafla mkono wa kulia, na ukifika bondeni, hali ungali unakata kona, mlima wa kuelekea Druids unakupokea. Pale bondeni gari huelemewa na uzito wake mwenyewe. Kila springi inashindiliwa, na ile ya mbele kushoto, inayobeba kona nzima, inashindiliwa kuliko zote.

Mzunguko wa kwanza na wa pili nilikwenda polepole. Wa nane, au wa tisa, nilikuwa nimepata moyo. Nilipofika bondeni nilisikia kishindo kimoja kifupi chini ya mguu wangu wa kushoto, na pua ya gari ikakataa kugeuka. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Nilikumbuka jambo moja tu la maana, kwamba nisiondoe mguu ghafla kwenye mafuta, maana mkia nao ungetoka. Basi nikaenda moja kwa moja, taratibu ya kutisha, nikavuka ukingo na kuingia kwenye changarawe, na gari likazama mpaka rimu. Hakuna kilichovunjika ila heshima yangu. Walikuja wakanivuta kwa kamba mbele ya watu, nami nikawashukuru.

Jioni ile nililiweka gari juu ya jeki nikaingia chini. Ndani ya kila shokapu, juu ya fimbo yake, kuna mpira ambao kazi yake ni kuzuia chuma kisigongane na chuma safari ya springi inapokwisha. Ule wa mbele kushoto ulikuwa umepasuka. Nikapima. Gari lilipotoka kiwandani gurudumu lile lilikuwa na takribani milimita 75 za kupanda kabla ya kuugusa mpira. Mimi nililishusha kwa 40, na springi mpya haikuwa ngumu kiasi cha kuifidia nafasi niliyoiondoa. Nilibakiwa na 35, na Paddock Hill ilitaka zaidi ya hizo. Gurudumu likifika kwenye mpira, springi imekwisha kazi yake. Upande ule unageuka kuwa mgumu mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua, uzito wote unaiangukia tairi moja, nayo inaachia. Kosa halikuwa la dereva peke yake. Nilikuwa nimenunua umbo la gari la mbio, nikalilipia kwa kitu ambacho gari la mbio haliwezi kuishi bila yake.

Hapo hasira ikanishika, nikaanza kusoma. Cha kwanza kilikuwa kitabu cha Carroll Smith, Tune to Win, kilichotoka mwaka 1978, ambacho watu wa fani hii bado wanakitaja kama wanafunzi wa dini wanavyomtaja sheikh wao. Ni kitabu kizuri, kimeandikwa na mtu aliyechafuka mikono. Lakini kiliandikwa kwa ajili ya magari yaliyoundwa tangu mwanzo kwa mbio, yenye mikono miwili katika kila gurudumu, mmoja juu na mmoja chini. Msomaji mwenye gari la barabarani huweza kuchukua hukumu zake akaziweka mahali pasipo pao, na nadhani fundi wangu, au aliyemfundisha, alifanya hivyo hasa. Impreza haina mkono wa juu. Ina mtindo unaoitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, ambao Ford ya Uingereza iliutia katika magari yake ya Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo umeenea duniani kwa kuwa ni rahisi na hauli nafasi. Shokapu yenyewe ndiyo nguzo. Juu imefungwa kwenye bodi, chini inashika gurudumu, na mkono mmoja tu unalizuia gurudumu lisitoke wala lisiingie.

Katika mtindo huu kushusha gari kuna siri ambayo jicho haliioni, na naomba msomaji anivumilie hapa, maana ndipo penye kiini. Gari linapokata kona, bodi hulala upande. Halilali hovyo, bali huzunguka mahali fulani patokanapo na pembe za mikono na nguzo zake. Mahali hapo napaita kitovu cha mlalo. Nguvu ya kona husukuma kwenye kitovu cha uzito, kilichoko juu, na umbali baina ya vitovu hivi viwili ni kama mpini wa spana: ukirefuka, nguvu ileile hupindua zaidi. Fundi alinieleza habari za kitovu cha uzito, kile kingine hakukitaja, labda na yeye hakuambiwa.

Mwandishi Mwingereza Allan Staniforth alieleza namna ya kuchora gurudumu na mikono yake kwa kadibodi, pini na uzi, ukaona kila kitu kinavyotembea. Nilikaa jikoni Jumapili nzima na mkasi, mke wangu akidhani nimerudia ualimu. Matokeo yalinifedhehesha. Bodi iliposhuka milimita 40, mkono wa chini, ambao zamani uliinuka kidogo kuelekea ndani, ukawa unainama kuelekea ndani. Pembe ile ndogo ilikishusha kitovu cha mlalo kwa zaidi ya milimita 100, mpaka kikawa chini ya lami. Kitovu cha uzito kimeshuka 40, kile kingine zaidi ya 100. Mpini umerefuka. Nilikuwa nimelipa fedha nzuri ili gari langu litake kulala zaidi ya lilivyotoka kiwandani.

Wala hayo siyo yote. Mkono ukishapita usawa na kuinama upande wa pili, gurudumu linapopanda halijiegemezi ndani tena, bali husimama wima na hata kuegemea nje, na tairi ya nje ya kona hubaki ikisimama kwa ukingo wake. Fimbo inayogeuza gurudumu nayo ilikuwa imepangwa ilingane na mkono katika kimo cha zamani. Katika kimo kipya haviendi pamoja, basi kila gurudumu likipanda hugeuka kidogo bila usukani kuguswa. Dereva huona gari lina akili zake. Ukitaka ushahidi usiohitaji hesabu, chukua kipimajoto chenye sindano, ukichome kwenye tairi mara tu unapotoka uwanjani, ukingo wa ndani, katikati, na ukingo wa nje. Tairi yangu ya mbele kushoto ilikuwa na joto kubwa ukingo wa nje kuliko wa ndani, tofauti ya nyuzi 20 na ushei. Tairi lililokaa vizuri huwa na joto la juu kidogo ndani, na tofauti ni ndogo. Robo ya mpira niliounulia ilikuwa haifanyi kazi yoyote.

Sasa nitasema nilichofanya, bila kudai kwamba ni sheria. Jambo la kwanza nililiinua gari. Likabaki chini ya kimo cha kiwandani kwa milimita 15 tu. Pili nilinunua springi ngumu za kweli. Katika mtindo wa MacPherson ugumu wa springi karibu wote hufika kwenye gurudumu, tofauti na magari ya mikono miwili ambako mara nyingi nusu yake hupotelea kwenye wenzo, kwa hiyo namba ya springi iliyosifiwa kwenye gari la mtu mwingine haikuhusu. Pembe moja ya mbele ya gari langu hubeba kama kilo 300. Kwa springi ya nyutoni 30 kwa milimita, bodi hutaka kupanda na kushuka mara 1.6 hivi kwa sekunde, ukiweka ya 50 hufika mara 2. Nilichagua ya 50, nikatia shokapu zinazoweza kuimudu, maana springi ngumu juu ya shokapu laini ni kama ngoma isiyo na mpigaji: inajilia yenyewe. Tatu niliweka boljointi zenye shingo ndefu, zinazoishusha ncha ya nje ya mkono ili pembe yake irudi karibu na ya zamani, na nikaisahihisha fimbo ya usukani vivyo hivyo. Kwa egemeo la magurudumu niliweka digrii 2.5 kuelekea ndani kwa mbele na 1.5 kwa nyuma, na ncha za magurudumu ya mbele nikaziacha zitazame mbele sawasawa. Stabilaiza ya nyuma niliibadilisha nene kuliko ya kiwandani, kwa sababu gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne hupenda kwenda moja kwa moja, na ukiukaza mkia pua hupata ahueni.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya mizani. Unaweka mizani minne, mmoja chini ya kila tairi, kwenye sakafu iliyosawazishwa, unafungua viungo vya stabilaiza, unatia petroli kiasi cha uwanjani, na kwenye kiti cha dereva unaweka uzito wake. Mimi niliweka magunia manne ya mchele ya kilo 20, na jirani yangu aliyechungulia gereji akaniuliza kama ninamfunza mchele kuendesha. Kisha unajumlisha mbele kushoto na nyuma kulia, ukagawanya kwa uzito wote. Ikija nusu, gari litageuka sawa kushoto na kulia. Langu lilikuja asilimia 52.6, maana yake lilikuwa limesimama kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na hakuna jicho la binadamu lingelijua hilo kwa kulitazama. Unazungusha viti vya springi, robo mzunguko hapa, robo pale, ukirudia kupima. Ilinichukua usiku mzima kufika 50.1. Alaimenti hufanywa baada ya hapo, siyo kabla, kwa kuwa kila ukibadilisha kimo unabadilisha na pembe.

Nilirudi Brands Hatch mwezi wa kumi mwaka uleule. Kwenye kila fimbo ya shokapu nilikuwa nimefunga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, ambayo husukumwa na kubaki pale safari ya springi ilipokomea. Nilishuka Paddock Hill na moyo mdogo. Bondeni gari lilikaa, likashika, likapanda. Nilipotoka niliitazama kamba ya mbele kushoto kabla sijavua kofia: zilibaki milimita 12 kabla ya mpira. Joto la tairi, ndani lilizidi nje kwa nyuzi 6. Kwa kuwa saa imekatazwa sina dakika wala sekunde za kumwonesha msomaji, na sioni hasara. Saa ingeniambia nimekwenda kasi, isingeniambia kwa nini.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Gari lililoshushwa kwa ajili ya kutazamwa ni kazi ya fani isiyo na maudhui, na silidharau kwa sababu hiyo. Kuna mashairi ya namna hiyo ambayo bado nayakariri kwa ajili ya vina vyake. Anayelishusha gari lake akaliegesha Nyali ajionee raha hajamdhulumu mtu. Kosa linaanza pale umbo linapotoa ahadi. Gari la chini lenye rimu pana linamwambia dereva wake: nitakushika. Naye hulisadiki, seuze akiwa na miaka ishirini na sita. Watengenezaji wa magari ya mbio huyaweka chini kwa sababu wameyapanga mikono na nguzo kwa kimo hicho tangu karatasini. Kimo kwao huja mwisho, baada ya hesabu nyingine zote kukubaliana. Sisi tunakiiga kilichokuja mwisho, tunakianza mwanzo, tena tunakiita maendeleo.

Nasema sisi kwa makusudi. Nilimpigia mpwa wangu simu wiki ileile nikamweleza yote, changarawe na mpira uliopasuka na kadibodi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa adabu yake ya siku zote, "Lakini mjomba, mbona mwenyewe ulinitumia picha?" Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nilimwambia nilituma picha kabla sijaliendesha. Nikamtumia na picha ya gari lilivyo sasa, akaangalia akacheka: "Mbona limenyanyuka kama la Safari?" Niliumia kidogo kuliko ninavyopenda kukiri, maana hata mimi nikilitazama limesimama nje nalionea haya, na kuna asubuhi ambazo naikumbuka ile sura ya paka.

Yeye haendi uwanjani. Anaendesha barabara ya Mombasa hadi Malindi, usiku mara nyingi, na matuta yake na lori zisizo na taa, pamoja na mkewe na mtoto kiti cha nyuma. Milimita 50 alizoziondoa ni nyingi kuliko zangu, na bonde la ghafla halipatikani Kent peke yake. Nilimuuliza springi zake za kiwandani ziko wapi. Aliziuza kwa fundi siku ileile alipozitoa.

Nilimwomba basi afanye jambo moja dogo. Aliegeshe gari kwenye sakafu ya petroli stesheni, mahali palipo tambarare, achukue futi ya fundi cherehani, apime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, aniandikie. Ilichukua siku nne. Jana usiku zimefika, kwa mpangilio niliomwambia: mbele kushoto 318, mbele kulia 331, nyuma kushoto 327, nyuma kulia 316. Chini yake ameandika, "Mjomba, nimepima mara mbili. Hii ni sawa?"